Pancha ya Baiskeli kwa Anayeanza: Kiraka, Tyubu ya Akiba, Fundi au Majimaji ya Kuziba?

Mtu anayeanza kuendesha baiskeli hujiandaa kwa mengi. Huchagua fremu inayolingana na urefu wake, hununua kofia ngumu, hujifunza kubadilisha gia kabla ya kufika mlimani, lakini suala la pancha huliacha mpaka siku atakapojikuta kando ya barabara, tairi la nyuma limekaa chini na jua la saa saba liko utosini. Hapo ndipo hugundua kwamba ushauri aliokusanya unapingana. Mmoja alimwambia abebe viraka na solusheni, yaani gundi ya kubandikia viraka, mwingine akasema viraka ni kupoteza muda na kwamba dawa ni tyubu ya akiba, wa tatu akamcheka kwa kuwa mafundi wamejaa kila kona, na wa nne akamwonyesha chupa ya majimaji ambayo, kwa maneno ya muuzaji, humaliza habari ya pancha kabisa.

Wote wanne wana sehemu ya ukweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa akizungumzia baiskeli yake na njia anayopita. Mimi huendesha Dodoma, ambako mbigili hutambaa pembezoni mwa njia za vumbi na matunda yake makavu, yenye miiba inayosimama wima kwa namna yoyote yatakavyoanguka, ni kana kwamba yaliumbwa kwa ajili ya tairi za baiskeli. Nimezitumia njia zote nne, nyingine kwa kupenda na nyingine kwa kulazimika, na ninachokiona ni kwamba uchaguzi hutegemea zaidi mambo mawili ambayo wachache huyataja: namna gurudumu lako lilivyofungwa kwenye fremu, na umbali uliopo kati yako na fundi aliye karibu.

Vigezo vya kulinganishia

Ili ulinganisho uwe wa haki, kila njia nimeipima kwa vigezo vilevile. Cha kwanza ni muda na mahali, yaani kazi inachukua dakika ngapi na kama inaweza kufanyika njiani bila maji, meza wala kivuli. Cha pili ni gharama, si ile ya siku ya kununua peke yake bali pia ile inayojirudia. Cha tatu ni vifaa na ustadi, kwa kuwa kifaa kilichobaki nyumbani ni sawa na ambacho hakijanunuliwa. Cha nne ni uimara: kazi itadumu muda gani, na ni aina gani ya tundu inayoishinda. Mwisho nataja mtu ambaye njia hiyo inamfaa.

Sikuweka bei kwa shilingi, kwa kuwa hutofautiana kutoka mji hadi mji na hata kutoka mtaa hadi mtaa. Nimezitaja gharama kwa kulinganisha moja na nyingine, na uwiano huo haubadiliki sana.

Jambo linalotangulia njia zote

Kabla ya kuvua tairi, hakikisha kwamba una pancha kweli. Baiskeli nyingi za mzigo za kichina na kihindi, pamoja na zile za mtumba kutoka Japani, hutumia valvu ya aina ya kale inayoitwa Dunlop, kwa jina la John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyetengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwaka 1887. Katika valvu nyingi za aina hii, upepo huzuiwa na kimpira chembamba kilichovishwa kwenye kipande cha chuma, na kimpira hicho huoza kwa joto na umri. Paka mate kwenye mdomo wa valvu na usubiri kidogo. Ukiona povu linavimba, tyubu yako ni nzima na unachohitaji ni kimpira kipya, ambacho huuzwa kwa bei isiyofikia hata ya kikombe cha chai. Nimewahi kumwona kijana akivua tairi lote, akaizungusha tyubu majini mara tatu bila kuona povu lolote, kumbe valvu yenyewe muda wote alikuwa ameishika juu ya maji.

Ukishathibitisha kwamba tyubu imetoboka, kazi iliyo muhimu kuliko kuziba ni kukitafuta kilichoitoboa. Jaza upepo, sikiliza, pitisha tyubu karibu na shavu au mdomo ambako ngozi huhisi haraka, na ukipata tundu, ilinganishe tyubu na tairi kuanzia kwenye valvu ili ujue tundu hilo lilikaa usawa wa sehemu gani ya tairi. Kisha pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi. Kitambaa hunasa kwenye ncha ambayo jicho halikuiona, na vidole vyako vinabaki salama. Kwenye barabara kuu, ukiacha miiba na vigae vya chupa, adui mkubwa ni vipande vya nyaya nyembamba zinazomwagika kutoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Waya wa namna hiyo, usiozidi urefu wa kucha, huzama kwenye mpira usionekane kwa nje, na utakutobolea tyubu mpya kama ulivyoitoboa ya zamani.

Mahali tundu lilipo nako kunaeleza mengi. Tundu moja upande unaogusa barabara ni mwiba, msumari au waya. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, kama alama za meno ya nyoka, maana yake ni kwamba upepo ulikuwa mdogo na tyubu ikabanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo au jiwe. Hapo hakuna mwiba wa kutafuta, dawa ni kujaza upepo wa kutosha. Tundu lililo upande wa ndani, unaotazama spoku, huonyesha kwamba utepe unaofunika vichwa vya spoku ndani ya ringi umesogea au umechakaa, na bila kuurekebisha utaziba pancha kila wiki. Mpasuko kwenye shina la valvu hauzibiki kwa kiraka. Tyubu hiyo imekwisha.

Njia ya kwanza: kuziba kiraka mwenyewe

*Muda na mahali.* Anayeanza atumie nusu saa bila kujilaumu. Aliyezoea humaliza kwa dakika 15. Njiani inawezekana, ila kupata tundu dogo bila maji katikati ya kelele za magari huchosha, na mvua huharibu kila kitu kwa sababu solusheni haishiki kwenye mpira wenye unyevu.

*Gharama.* Ndiyo njia iliyo nafuu kuliko zote kwa muda mrefu. Kifurushi kimoja chenye viraka sita au nane, kipande cha msasa na kichupa cha solusheni hakizidi sana bei ya tyubu moja, na mara nyingi huwa chini yake. Hasara iliyojificha ni solusheni yenyewe: kichupa kikishafunguliwa, hukauka ndani ya miezi michache, na wengi huligundua hilo siku wanapokihitaji. Kiminye kila baada ya muda kabla ya safari.

*Vifaa na ustadi.* Unahitaji kifurushi hicho, pampu, na nyenzo mbili au tatu, yaani vile vijiti bapa vya plastiki vya kuvulia tairi. Ustadi wenyewe si mgumu, ila una mahali pamoja ambapo karibu kila mgeni hukosea. Baada ya kusugua kwa msasa eneo linalozidi kiraka kwa upana mpaka mng'ao wa mpira uishe, hupakwa solusheni kwa utando mwembamba, kisha husubiriwa. Anayeanza hudhani kwamba solusheni hufanya kazi kama gundi ya karatasi, akaweka kiraka ingali mbichi, na kiraka kikateleza. Solusheni hufanya kazi yake ikishakauka hadi kuacha kumeremeta, takribani dakika tano. Ndipo kiraka hukandamizwa kwa nguvu kuanzia katikati kwenda kingoni. Viko pia viraka vinavyojinata vyenyewe bila solusheni. Ni vya haraka na havikauki kwenye begi, lakini vingi huanza kuachia baada ya muda, hasa kwenye tairi jembamba linalojazwa upepo mwingi, hivyo mimi huvihesabu kuwa vya kufikia nyumbani tu.

Kuna jambo linaloipa njia hii uzito ambao watu hawautaji. Baiskeli ya mzigo yenye keria, stendi ya miguu miwili, breki za vyuma na gurudumu la nyuma lililofungwa kwa nati haihitaji kuvuliwa gurudumu ili kuzibwa kiraka. Unailaza ubavu, unavua upande mmoja wa tairi, unaivuta nje ile sehemu ya tyubu yenye tundu, unaiziba na kuirudisha, na nati hazijaguswa. Mafundi wetu wa barabarani hufanya hivyo kila siku. Kwa baiskeli ya namna hiyo, kiraka ni chepesi kuliko kubadilisha tyubu, kinyume kabisa na ushauri unaotolewa katika miongozo mingi iliyoandikwa kwa wenye baiskeli za michezo.

*Uimara.* Kiraka kilichowekwa vizuri hudumu sawa na tyubu yenyewe, na tyubu yenye viraka vitano si aibu. Kinachokishinda ni mpasuko mrefu, tundu lililo jirani na shina la valvu, na tundu lililokaa juu ya mshono wa tyubu ikiwa hukuusugua mshono huo mpaka ukawa bapa.

*Inamfaa nani.* Anayeendesha kila siku, mwenye bajeti ndogo, anayepita njia zenye miiba mingi, na kila mwenye baiskeli ya mzigo.

Njia ya pili: kubeba tyubu ya akiba na kubadilisha

*Muda na mahali.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Kwa baiskeli yenye magurudumu yanayofunguka kwa mkono, bila spana, dakika kumi hadi 15 zinatosha hata kwa mgeni, na hufanyika kwenye giza, kwenye manyunyu na palipo na kelele, kwa sababu hulazimiki kulipata tundu lenyewe pale pale. Mwiba tu ndio utakaoutafuta. Kwa gurudumu la nyuma lenye nati, stendi na keria, muda huo unaweza kuzidi mara mbili, na mikono itajaa grisi ya cheni.

*Gharama.* Kwa kila pancha ni ghali zaidi ukiitupa tyubu ya zamani. Kwa fedha ya tyubu moja, fundi wa mtaani angekuzibia pancha kadhaa. Asiyeitupa, akaiziba jioni nyumbani kwenye beseni la maji na kuifanya akiba ya safari ijayo, gharama yake hushuka hadi karibu na ile ya kiraka. Yule anayekwenda kwa njia hizi mbili pamoja ndiye aliyeifahamu faida ya tyubu ya akiba.

*Vifaa na ustadi.* Tyubu, nyenzo, pampu, na spana inayoingia kwenye nati zako. Kwa baiskeli nyingi ni namba 15, ila ijaribu nyumbani. Mtihani ulio mgumu hapa hufanyika dukani: kununua tyubu ya kipimo sahihi. Usimwambie muuzaji "inchi 26" au "inchi 28" ukaishia hapo. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 ina ringi ya milimita 559, ilhali baiskeli ya mtumba ya Japani iliyoandikwa 26 x 1 3/8 ina ringi ya milimita 590. Ile ya mzigo iliyoandikwa 28 x 1 1/2 ina milimita 635, na ile ya barabarani inayoitwa 700C ina 622, ingawa nayo wakati mwingine huitwa inchi 28. Tyubu hunyumbulika, na tofauti kama ya 622 na 635 huvumilika, lakini tairi halivumilii hata kidogo. Njia ya uhakika ni kusoma kwenye ubavu wa tairi namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, mathalani 40-635, ambapo ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha ringi, kisha kununua kwa namba hizo.

Valvu nayo ilingane na pampu na tundu la ringi. Ile nene inayofanana na ya gari na pikipiki haipiti kwenye ringi iliyotobolewa kwa ajili ya valvu nyembamba. Hiyo nyembamba, inayofunguliwa kwanza kwa kulegeza kinati kidogo kwenye ncha yake, inaweza kukosa pampu katika vijiji vingi, kwa hiyo mwenye nayo abebe kifundo cha kugeuzia kinachouzwa kwenye maduka ya baiskeli.

Kosa la pili hutokea wakati wa kurudisha tairi. Sehemu ya mwisho hukaza, subira inaisha, bisibisi inachukuliwa. Nililifanya hilo mwenyewe katika wiki yangu ya tatu ya kuendesha: tyubu mpya kutoka kwenye boksi, bisibisi ya jikoni, na baada ya jasho lote lile nikaisikia tyubu ikipumua kabla hata sijaifunga pampu. Hakuna haja ya nguvu. Katikati ya ringi pana bonde. Ukizisukuma kingo zote mbili za tairi ziingie kwenye bonde hilo kuanzia upande wa pili wa gurudumu, utapata ulegevu unaotosha kumalizia kwa viganja. Ijaze tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza ili isijikunje, na anzia mbali ukimalizia kwenye valvu.

*Uimara.* Ni mpya, basi ni kamili, na ndiyo njia pekee ya kujihudumia pale valvu ilipong'oka au tyubu ilipopasuka kwa urefu. Udhaifu wake ni idadi: tyubu moja huhimili pancha moja, nami nimewahi kupata mbili ndani ya kilomita tatu, zote za mbigili, kwa sababu ya kuegesha kwenye majani.

*Inamfaa nani.* Mwenye baiskeli ya milimani au ya barabarani yenye magurudumu ya kufungua kwa mkono, anayewahi kazini, anayeendesha usiku au katika kundi lisilopenda kusubiri.

Njia ya tatu: kwenda kwa fundi

*Muda na mahali.* Kazi yenyewe ni dakika 15 kwa fundi asiye na foleni. Muda mwingine wote ni wa kumfikia, na huo unaweza kuwa dakika mbili au saa mbili. Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya, fundi baiskeli hukaa chini ya mti au kando ya kituo cha daladala au matatu, akiwa na karai la maji, pampu ya kusimamia na kopo la solusheni; lakini Jumapili asubuhi, saa tatu usiku, au katikati ya Dodoma na Kondoa, mti huo hauna mtu. Na kuikokota baiskeli yenye tairi lililolala kwa kilomita kadhaa hukata ubavu wa tairi na kuikunja tyubu mpaka shina la valvu ling'oke. Ukilazimika kukokota, inua gurudumu lenye pancha au uvue kabisa tyubu.

*Gharama.* Kiraka kimoja ni fedha ndogo ya mfukoni. Kwa anayepata pancha mara moja kwa miezi miwili, hii ni nafuu kuliko kununua vifaa. Kwa anayepata kila wiki, hesabu inageuka.

*Vifaa na ustadi.* Huhitaji chochote, isipokuwa macho. Simama karibu, uangalie. Fundi mzuri hutafuta mwiba kabla ya kuziba, na baada ya kuziba huirudisha tyubu majini kuangalia kama kuna tundu la pili. Muombe kwa heshima: "Fundi, naomba tuangalie na ndani ya tairi," na wengi watafurahi kwamba unajali. Wapo wachache wanaovua tairi kwa bisibisi yenye ncha kali. Wape nyenzo zako za plastiki bila maneno mengi. Na ikiwa hujui kazi hii kabisa, malipo ya pancha mbili au tatu za mwanzo kwa fundi mvumilivu ndiyo ada ya darasa iliyo rahisi kuliko zote ninazozijua.

*Uimara.* Mara nyingi ni mzuri kuliko wa mgeni, maana mkono wa fundi umeweka viraka vingi mno. Wengi hukata viraka kutoka kwenye tyubu chakavu, wakavisugua kwa tupa au msasa pande zote mbili na kuvipaka solusheni. Vikikauka ipasavyo hushika vizuri. Fundi mwenye haraka huziba solusheni ikiwa mbichi kama mgeni yeyote, na hapo kiraka hakimalizi siku.

*Inamfaa nani.* Anayeendesha ndani ya mji mchana, mwanafunzi, mzee au yeyote ambaye vidole vyake havina nguvu ya kuvua tairi, na mwenye baiskeli isiyo ya kawaida, kwa mfano yenye mota kwenye kitovu cha gurudumu, ambayo nyaya zake hazifai kuchezewa na asiyezijua.

Njia ya nne: majimaji ya kuziba

*Muda na mahali.* Hii ni njia ya kujikinga zaidi kuliko ya kutibu. Majimaji hutiwa ndani ya tyubu mapema, nyumbani, kiasi cha mililita 60 hadi 120 kulingana na upana wa tairi; mwiba ukiingia na kutoka, upepo huyasukuma kwenye tundu, nayo huganda na kuziba wakati gurudumu likizunguka. Yakifanya kazi, hutajua kwamba ulipata pancha, au utasimama tu kuongeza upepo kidogo.

*Gharama.* Chupa moja huzidi bei ya tyubu, na kwa magurudumu mawili unaweza kuimaliza. Hujirudia pia, kwa sababu yale yaliyotengenezwa kwa utomvu wa mpira hukauka, na joto la maeneo kama Dodoma au Tanga huharakisha ukaukaji huo. Yatazamiwe miezi michache, si miaka.

*Vifaa na ustadi.* Lazima valvu iweze kufunguliwa moyo wake, yaani kile kipande cha ndani kinachozuia upepo, ili majimaji yapite. Ile nene ya gari hufunguliwa kwa ufunguo mdogo; ile ya Dunlop moyo wake hutoka kwa mkono, ila kimpira chake huweza kunata baadaye. Baadhi ya valvu nyembamba hazifunguki kabisa. Kutia ni kazi ya dakika chache.

*Uimara.* Kwa miiba midogo kama ya mbigili na mgunga, sijaona kinga iliyo nzuri zaidi. Kwa meno ya nyoka, kipande cha chupa kilichokata ubavu wa tairi, au valvu iliyong'oka, hayana msaada. Na yakishindwa, hukuachia kazi mbaya kuliko ulivyoanza: tyubu imelowa ute ndani na nje, solusheni haishiki, na fundi anakutazama kama uliyemletea kuku mbichi. Mwenye majimaji abebe tyubu ya akiba hata hivyo.

*Inamfaa nani.* Anayeishi kwenye miiba mingi na kupata pancha ndogondogo kila mara, mwenye mota kwenye gurudumu asiyetaka kulivua, na anayeweza kumudu gharama ya kuongeza kila baada ya miezi.

Tairi zisizo na upepo, zile za mpira mtupu, sikuziweka kwenye mizani hii. Hazipati pancha, lakini ni nzito na hurudisha kila tuta mgongoni, na kwa anayeanza huweza kumfanya aichukie baiskeli kabla ya mwezi kwisha.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa safari zako zote ni za mjini, mchana, na hupiti nusu saa bila kuona fundi, anza na fundi, ubebe pampu ndogo na fedha ya kiraka. Pampu hiyo mara nyingi itakuokoa zaidi ya unavyodhani, kwa sababu pancha ya waya huvuja polepole, na ukijaza mara mbili unaweza kufika.

Ikiwa una baiskeli ya mzigo au ya mtumba yenye nati na stendi, jifunze kiraka cha kuziba bila kuvua gurudumu, na uweke kimpira cha valvu cha ziada mfukoni. Ikiwa una ya milimani au ya barabarani yenye magurudumu ya kufungua kwa mkono, beba tyubu moja ya kubadilisha njiani na viraka vichache kwa ajili ya pancha ya pili, kisha ile tyubu iliyotoboka uizibe nyumbani ukiwa umekaa.

Ikiwa pancha zako zinafanana, yaani matundu mawili sambamba kila mara, usinunue chochote bado. Soma kiwango cha upepo kilichoandikwa kwenye ubavu wa tairi, tafuta pampu yenye kipimo, na ujaze ndani ya kiwango hicho, ukielekea juu ikiwa unabeba mzigo au abiria. Tahadhari na mashine za upepo za vituo vya mafuta: zimetengenezwa kwa tairi za magari, na tyubu ndogo hujaa ndani ya sekunde chache, bonyeza kidogo, achia, pima kwa kidole, rudia.

Ikiwa pancha zako ni za miiba midogo, zaidi ya mbili kwa mwezi, linganisha kwanza bei ya majimaji na ile ya tairi jipya lenye utepe mnene wa kinga chini ya mpira. Mara nyingi tatizo ni tairi lililolika hadi nyuzi kuonekana, na kulitia majimaji ni kumfunika mgonjwa shuka bila kumpa dawa.

Na ikiwa unapanga safari ndefu ya kwanza, tuseme kilomita 40 kwenda na kurudi katika barabara isiyo na vijiji vya karibu, tenga Jumamosi moja kabla yake, keti uani, toa upepo kwenye tairi la nyuma ambalo halina pancha, livue, toa tyubu, irudishe, jaza. Andika dakika ulizotumia na kila kifaa ulichokwenda kukichukua ndani ya nyumba; hivyo ndivyo vitakavyoingia kwenye begi.